Kamera ya fomati ya kati iliyotumika: ipi inunuliwe kwanza na mpiga picha wa Lubumbashi

Mpiga picha wa hapa Lubumbashi anayetaka kuingia katika kamera za fomati ya kati, yaani zenye kihisi kikubwa kuliko cha kamera za kawaida, kwa kawaida huanza kwa kuuliza megapikseli. Ningemshauri aanze na maswali mawili mengine: siku itakapoharibika itatengenezwa na nani, na siku atakapotaka kuibadilisha ni duka gani litakubali kuipokea. Matengenezo ya vifaa hivi hufanyika nje ya nchi, mara nyingi Afrika Kusini au Ulaya, na kila safari ya kamera ina nauli yake na forodha yake. Ndiyo maana orodha iliyo hapa chini imepangwa kwa kufuata urahisi wa kuitunza na kuiuza tena kamera, na uzuri wa picha umewekwa nyuma ya hayo, kwa kuwa katika daraja hili kamera zote hutoa picha nzuri.

Kwanza ijulikane nani asinunue. Kihisi, yaani sehemu inayopokea mwanga, cha kamera nyingi za aina hii kina upana wa milimita 44 na urefu wa 33, yaani eneo lake ni takriban mara 1.7 ya kile cha fremu nzima, yaani kamera yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35. Tofauti hiyo huonekana kwenye chapa kubwa za maonyesho, kwenye nakala za michoro, na kwenye picha za mitambo ya migodi ambazo kampuni hutaka kuzitundika ukutani. Mji ulio na Biennale ya sanaa tangu mwaka 2008 una wateja wa kazi hiyo. Anayeishi kwa harusi za Kamalondo na ubatizo wa Jumapili abaki na fremu nzima, kwa sababu bibi harusi hangoji fokasi ya polepole.

Nafasi ya kwanza naipa Fujifilm GFX 100S. Ilitoka mwaka 2021 kwa dola 5,999, na kwa kuwa GFX 100S II iliifuata mwaka 2024, nyingi zimerudishwa madukani zikiwa bado na afya. Ina megapikseli 102, mfumo wa kutuliza mtikisiko ndani ya mwili wake, na fokasi inayokwenda kasi ya kutosha kwa mtu aliyesimama au anayetembea taratibu. Kwa wanaonakili michoro, ina uwezo wa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja ya megapikseli 400, mradi kamera iwe juu ya miguu mitatu na mchoro usitikisike. Jambo ninalolipenda zaidi ni betri: NP-W235 ndiyo hiyohiyo inayotumika katika X-T4, kamera ndogo ya Fujifilm, kwa hiyo mwenye studio anaweza kuazima kwa mwenzake. Ubaya wake uko kwenye mafaili. Faili ghafi (raw) lisilobanwa huweza kuzidi megabaiti 200, na kompyuta iliyozoea picha za pasipoti itachoka mapema. Bei ya diski mbili za kuhifadhia iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Ya pili ni GFX 50S II, ya mwaka 2021 pia, iliyouzwa dola 3,999 ilipotoka. Inatumia betri ileile na ina mfumo wa kutuliza mtikisiko, lakini fokasi yake ni ya zamani na husitasita penye mwanga hafifu. Watangulizi wake, GFX 50S na GFX 50R, hupatikana kwa bei ya chini zaidi. Hata hivyo hawana mfumo huo wa kutuliza mtikisiko, na betri yao NP-T125 hutumika katika kamera chache tu. Ningewanunua iwapo tu muuzaji ataongeza betri ya pili.

Hasselblad X1D II 50C, iliyotoka mwaka 2019 kwa dola 5,750, inashika nafasi ya tatu, na kwa anayefanya kazi na flashi ningeweza kuipandisha hadi ya pili. Shata yake, yaani kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga, imo ndani ya kila lenzi, hivyo flashi hufuatana nayo hata kwa kasi ya 1/2000 ya sekunde, na picha ya mkurugenzi mbele ya mgodi saa sita mchana wa mwezi wa saba inawezekana bila mbingu kugeuka nyeupe. Lakini shata iliyo ndani ya lenzi ni shata inayoharibika pamoja na lenzi. Mwili hauna shata nyingine ya chuma, na ile ya kielektroniki husoma kihisi polepole kiasi kwamba mtu anayetembea hutoka amepinda. Mwenye lenzi moja tu husimama kazi mpaka itakaporudi kutoka kwa mafundi.

Pentax 645Z ya mwaka 2014 ni ya nne. Ina uzito unaozidi kilo moja na nusu, imezibwa dhidi ya vumbi na maji, na hutoa mafaili ghafi ya aina ya DNG yanayofunguka karibu kila mahali. Inamfaa anayetaka kuitumia mpaka ichakae, kwa kuwa ukoo wake haujapata mrithi na maduka huikadiria chini.

Nafasi ya mwisho ni ya migongo ya kidijitali (sehemu yenye kihisi inayofungwa nyuma ya kamera) na kamera za zamani zenye kihisi cha CCD, teknolojia ya zamani, kama Phase One P45+ au Hasselblad H4D-40. Rangi zake kwenye ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya chini ni za kupendeza sana, na bei hushawishi. Hata hivyo zinataka kadi za kumbukumbu za CF na waya wa FireWire, ambao kompyuta mpya hazina tundu lake.

Iwapo kamera ya okazyoni (iliyotumika) imeletwa mezani, ikaguliwe bila haraka, na muuzaji akikosa subira ni heri kuondoka. Funga tundu la lenzi hadi f/16, piga picha ya karatasi nyeupe isiyo katika fokasi, kisha ikuze kwenye skrini. Chembe nyeusi zinazobaki mahali palepale ni vumbi, na katika mji wetu wa vumbi jekundu la kiangazi hilo si kosa kubwa, kwa kuwa husafishwa; mkwaruzo na mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini havisafishiki. Mulika tochi ya simu kupitia lenzi ukitafuta nyuzi za kuvu. Kwa lenzi zenye shata, piga kwa kasi ya polepole, ya wastani na ya juu, ukisikiliza sauti na kulinganisha mwanga wa picha: shata iliyolegea hutoa picha angavu kuliko inavyotakiwa. Mwishowe linganisha namba ya mwili na ile iliyo kwenye fakture (ankara).

Kuhusu kubadilisha, duka la nje likipokea kamera yako ya zamani ili uongezee fedha, litakupa pungufu ya bei ambayo mnunuzi binafsi angetoa, lakini litakupa dhamana kwenye ile unayoichukua. Mahali penye wanunuzi wachache wa vifaa hivi, naona dhamana hiyo inastahili hasara. Miili (kamera bila lenzi) hushuka bei haraka mrithi anapotangazwa, lenzi hushuka polepole. Kwa hiyo toa mwili, baki na lenzi. Kifuniko, chaja na sanduku la awali vitunzwe. Anayelipa taslimu hapa mjini achague noti za dola zisizo na mpasuko, la sivyo biashara itavunjika mezani.

Mafundi wa simu wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi ni hodari, na nimewaona wakifufua simu zilizokwisha kukatiwa tamaa, lakini shata wasiiguse. Kihisi unaweza kukisafisha mwenyewe kwa pampu ya mpira na kijiti chenye upana wa kutosha, kwani kijiti cha fremu nzima, cha milimita 24, huacha michirizi katikati. Kamera ikilazimika kusafiri kwenda kwa fundi, omba kwanza makadirio ya gharama kwa maandishi. Itangaze kwa DGDA, idara ya forodha ya Kongo, kabla haijatoka uwanja wa ndege wa Luano au kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, namba yake ikiandikwa kwenye karatasi yenye muhuri, ili isirudi ikihesabiwa kuwa bidhaa mpya ya kulipiwa ushuru. Ondoa kadi na mkanda. Betri zibaki nyumbani, kwa sababu kifurushi chenye lithiamu huweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Na kama ni mtu anayeibeba kamera hiyo, betri ziwe katika mkoba wake wa mkononi.