Uzoefu wangu: kumpeleka mpwa Muhimbili kuona fani za tiba jumuishi

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne hapa Newala, alisema anataka kusomea tiba jumuishi, ile inayotumia elimu ya hospitali na maarifa ya tiba asili kwa pamoja. Mshauri mmoja wa masomo mjini Mtwara alitutoza fedha na kumhakikishia kwamba njia hiyo haihitaji Fizikia. Jibu hilo halikuniridhisha. Niliandika barua ya kuomba kutembelea Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako Taasisi ya Tiba Asili ilianza mwaka 1974 ikiwa kitengo cha utafiti.

Tulikaa muda mrefu zaidi kwenye hifadhi ya mimea mikavu. Kila mmea umebandikwa kwenye karatasi ngumu, na chini yake kuna kibandiko chenye jina la kienyeji, jina la kisayansi, mahali ulikochumwa, tarehe na jina la aliyeuchuma. Mpwa wangu aliuliza sababu ya kuandika yote hayo, akaelezwa kwamba mganga akisema mizizi fulani inashusha sukari, mtafiti mwingine sharti aweze kuurudia mmea uleule, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kupewa miti miwili tofauti katika wilaya mbili.

"Mjomba, kumbe ndiyo maana wanahitaji Kemia," alininong'oneza tulipofika maabara.

Alikuwa sahihi. Dawa ya mseto tunayopewa zahanati tukiugua malaria ina kiambato kinachotokana na pakanga, mmea wa tiba ya Kichina, na Tu Youyou aliyeongoza ugunduzi wake alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kati ya jani na kidonge kuna kazi ya mkemia, mfamasia, daktari na muuguzi, na hizo ndizo ajira zenyewe. Anayetaka udaktari wa binadamu anahitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita. Waganga nao wana utaratibu wao: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili.

Kwa maoni yangu, ziara hii ina thamani kubwa kuliko kipeperushi chochote, ingawa umbali ni mzigo mzito, kwani kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 na si kila mzazi ana fedha za nauli na malazi kabla ya msimu wa korosho. Ningefurahi sana kuona wataalamu hawa wakija na sampuli zao Masasi, Nachingwea na Lindi mjini. Kwa sasa, anayekusudia kwenda aandike barua mapema, achague wakati chuo kimefunguliwa ili akute wanafunzi maabara, na aende kabla mtoto hajathibitisha tahasusi ya kidato cha tano.