Mkono wa Rega RB300 kwenye Thorens TD 160: uzoefu wangu hapa Dodoma

Mkono wa sindano uliokuja na Thorens TD 160, mashine yangu ya kupigia santuri, unaitwa TP 16; ulikuwa mzima, na wengi walinishangaa kwa kuutoa na kufunga Rega RB300. Sababu yangu ilikuwa ya hesabu tupu. Uzito tendaji wa TP 16, yaani uzito ambao sindano huuhisi inapousukuma mkono, ni takriban gramu 16.5, ilhali katriji yangu, yaani kifaa cha mwisho wa mkono kinachobeba sindano, ni Ortofon 2M Red yenye uzito wa gramu 7.2 na sindano laini ambayo ulegevu wake, yaani wepesi wake wa kusogea inaposukumwa, ni 20. Ukijumlisha uzito huo wa mkono na wa katriji, ukazidisha kwa ulegevu, ukatafuta kipeuo cha pili cha jibu na kugawanya 159 kwa kipeuo hicho, unapata kama hezi 7.3, ambayo ndiyo kasi ya mtetemo wa asili wa mkono pamoja na katriji. Kinachotakiwa ni kati ya hezi 8 na 12, kwa kuwa chini ya hapo mkono huanza kuyumba kwenye santuri zilizopinda kwa joto, na zangu nyingi zimepinda.

RB300, uliotoka mwaka 1983 ukiwa na bomba la alumini lililosubiwa kipande kimoja, una uzito tendaji wa takriban gramu 11, na hesabu ileile inatoa kama hezi 8.3. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini koni za spika zangu, ambazo zamani zilikuwa zikipumua nje na ndani hata pasipo besi, sasa zimetulia.

Ufungaji ndio ulionichosha. RB300 unataka milimita 222 kutoka kitovu cha sahani hadi egemeo la mkono, kwa hiyo ubao wa zamani unaofungiwa mkono haukufaa. Seremala wa Chang'ombe, aliyezoea milango na vitanda, alinichongea mwingine wa mninga kwa usahihi ambao sikuutarajia. Mninga ni mzito, na kwa vile TD 160 huning'inia juu ya springi tatu, ilibidi springi zote zisawazishwe upya. Aidha, mkono huu hauna skrubu ya kupandisha au kushusha kimo, nami nililazimika kuweka pete ya milimita 2 chini ya kitako chake kwa sababu 2M Red ni ndefu. Mgandamizo wa sindano, gramu 1.8, niliuhakiki kwa mizani ndogo ya sonara, kwani springi inayoweka mgandamizo huo ndani ya mkono uliokwishatumika si ya kuaminiwa kwa macho.

Nikiwa na santuri nyingi za inchi 7 za bendi ya Morogoro Jazz, ambazo mifereji yake huishia karibu zaidi na kitovu, niliipanga katriji kwa kuangalia sehemu hiyo ya ndani kwanza, na mikwaruzo kwenye sauti za waimbaji imepungua sana.

Kasoro inayonikera ni kwamba kichwa cha mkono hakichomoki, hivyo kubadilisha katriji ni kuhangaika na nyaya nne nyembamba kama nywele, kazi isiyofaa kufanywa kiangazi madirisha yakiwa wazi na vumbi la Dodoma likiingia. Kwa sindano laini, naupendekeza bila kusita. Mwenye katriji ya Denon DL-103, ambayo sindano yake ni ngumu, asihangaike kununua: TP 16 aliyo nayo inaifaa vizuri.