Breka za nyumbani: ipi ununue kwanza na ipi uiache dukani

Kama breka yako inajikatakata kila ukiwasha pasi na hita pamoja, na wazo lililokujia ni kwenda dukani kusema nipe kubwa zaidi ya hii, subiri kwanza. Breka haiwekwi kulinda pasi wala friji, inawekwa kulinda waya ulioko ndani ya ukuta, ule ambao huuoni na ambao ukichemka hakuna atakayejua mpaka harufu ianze kutoka. Kwa hiyo ukubwa wa breka unaamuliwa na waya, siyo na vitu unavyotaka kuchomeka. Halafu kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawajawahi kuambiwa na linaniuma kweli: breka ya kawaida, hata iwe ya kampuni kubwa namna gani, haikuokoi wewe ukishika umeme. Hiyo kazi ina kifaa chake, na ndo maana kwenye kupanga nafasi hapa chini nimekipa uzito kuliko kitu kingine chochote.

Hesabu kwanza, ni fupi. Chukua wati za kifaa gawanya kwa volti, unapata ampea. Natumia volti 230 maana ndo zinazotumika sehemu nyingi, kama umeme wako ni wa volti 120 gawanya kwa hiyo, ampea zitapanda karibu mara mbili kwa kifaa kilekile. Birika la wati 2200 linavuta kama ampea 9.6, hita ya chumba ya wati 2000 kama 8.7, ukiwasha vyote kwenye sakiti moja ya soketi, yaani njia moja ya waya, yenye breka ya ampea 16 umefika 18.3. Sasa hapo breka itajikata? Hapana, siyo papo hapo. Breka za nyumbani zinazofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60898 zinatakiwa zisijikate ndani ya saa nzima zikibebeshwa mara 1.13 ya namba yake, na zikifika mara 1.45 ndo lazima zijikate ndani ya saa moja. Yaani ile ya 16 inaweza kuvumilia ampea 18 kwa muda mrefu tu, na ukiipa 23 inaweza kuchukua dakika nyingi kabla ya kuachia, maana ndani yake kuna kibamba cha metali mbili kinachopinda taratibu kwa joto. Birika linachemka dakika chache linazima, hakuna shida. Hita ya masaa sita ndo shida. Kwa mzigo unaokaa masaa mengi, usipite asilimia 80 ya namba ya breka, kwa 16 hiyo ni kama ampea 13 hivi.

Na waya? Kwa nyaya za shaba zilizopita kwenye bomba kwa hali ya kawaida: taa unavuta waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya 10 au chini, soketi waya wa 2.5 na breka ya 16, au 20 kama bomba halijabanana, jiko au hita kubwa waya wa 6 na breka ya 32. Nyaya nyingi zikirundikana kwenye bomba moja, au zikapita darini kwenye joto kali, uwezo wake unashuka na wewe ushuke na breka. Ndo maana kumuwekea mtu breka ya 32 kwenye waya wa 1.5 eti isisumbue ni kumwekea moto ukutani, maana huo waya utaiva kabla breka haijahisi kitu. Breka ikijikatakata dawa yake ni kugawa mzigo, unavuta sakiti nyingine. Hita ya kuogea ya papo kwa papo ya wati 5500 inakula karibu ampea 24 peke yake, hiyo haitakiwi ishee waya na kitu kingine chochote.

Haya, tuje kwenye kununua. Hizi ndo njia za kujaza ule ubao wa breka, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Namba 1: RCBO kwa kila sakiti

Hiki ni kifaa kimoja chenye kazi mbili, kinakata mzigo ukizidi au nyaya zikipiga shoti, na pia kinakata umeme ukivuja. Ukivuja maana yake nini? Umeme unaotoka kwenye waya wa moto unatakiwa wote urudi kwenye nyutro, ukipungua hata kidogo maana yake kuna sehemu unapita pengine, inaweza kuwa bodi ya mashine ya kufua, inaweza kuwa mwili wa mtoto. Kifaa kinalinganisha kinachotoka na kinachorudi, tofauti ikifika miliampea 30 kinakata ndani ya sekunde 0.3 au chini ya hapo. Linganisha na breka ya kawaida ya 16: miliampea 30 ni chini ya sehemu moja ya 500 ya namba yake, haiwezi hata kujua kuna kitu kinaendelea, na kiasi kama hicho kikipita kifuani kwa muda kinatosha kuvuruga moyo.

Uzuri wa RCBO kila sakiti kuwa nayo yake ni kwamba pasi mbovu ikivuja inakata soketi za upande huo tu, friji inaendelea, taa zinaendelea, na fundi anajua moja kwa moja aanzie wapi. Ni njia ya gharama kuliko zote na sitakuficha hilo. Kama hela haitoshi kuziweka kote, weka za soketi, bafuni na nje, taa za ndani zibaki na breka za kawaida kama kanuni za mahali ulipo zinaruhusu.

Namba 2: RCCB mbili, na breka za kawaida chini yake

Hapa ndo ningewashauri watu wengi waende, kwa hela inayotoka na usalama unaopata. RCCB ni ile mafundi wengi wanaita ethi likeji, inaangalia kuvuja tu, haijui mzigo kabisa, kwa hiyo lazima kila sakiti iwe na breka yake ya kawaida, MCB. Unagawa nyumba makundi mawili ili hitilafu moja isizime nyumba nzima usiku, na mgawanyo mzuri ni taa za upande mmoja zikae na soketi za upande mwingine, soketi zikikata chumbani bado una taa. Namba ya ampea iliyoandikwa kwenye RCCB, 40 au 63, siyo ya kukata, ni uwezo wake wa kubeba tu, hivyo iwe sawa au zaidi ya breka kuu inayoiletea umeme.

Mwambie fundi mapema kwamba kila RCCB iwe na nyutro zake, zisichanganywe. Zikichanganywa hata kwa waya mmoja inajikata kila ukiwasha kitu, halafu utasikia kifaa kibovu, rudisha dukani, kumbe kifaa kizima.

Namba 3: RCCB moja kwa nyumba nzima

Usalama wa mtu upo, hilo ni kubwa, na kama nyumba ni ya vyumba viwili inatosha. Tatizo ni kwamba vifaa vya elektroniki kila kimoja kinavujisha kiasi kidogo hata kikiwa kizima, chaja, kompyuta, televisheni, mashine ya kufua, vikijumlishwa vinasogelea ule mpaka, na RCCB ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata kuanzia zaidi ya 15. Matokeo yake inakata bila sababu unayoiona. Na hapo ndo watu wanafanya jambo la hatari kabisa, wanamwambia fundi airuke, aunganishe moja kwa moja. Kama nyumba ina vifaa vingi, nunua mbili toka mwanzo.

Namba 4: breka za kawaida tu

Nyumba nyingi ziko hivi. Waya umelindwa, watu hawajalindwa. Utasikia mtu anasema mimi nina ethi nzuri, fito ya shaba imezama ardhini, bodi ya friji ikishika moto wa umeme breka itakata. Fanya hesabu naye. Kama ethi yake ni fito ya ardhini peke yake na ukinzani wake ni omu 100, ambao kwenye udongo mkavu siyo ajabu, volti 230 zitapitisha ampea 2.3 tu. Breka ya 16 inaona hiyo kama taa imewashwa, haitakata leo wala kesho, na bodi ya friji inabaki na umeme ikisubiri mkono. RCCB ya miliampea 30 kwenye nyumba hiyohiyo ingekata kabla mtu hajagusa. Kwa hiyo kama uko namba 4, ununuzi wako unaofuata ni RCCB, kabla ya taa za mapambo na kabla ya soketi mpya.

Namba 5: fyuzi za kufunga waya. Hizi ziache. Waya ukikatika kinachofuata ni mtu kufunga uzi wowote wa shaba alioupata, na hapo ulinzi umeisha.

Kusoma maandishi usoni mwa breka

Ukishaamua njia, dukani kuna mambo matatu ya kusoma. Herufi iliyo mbele ya namba, kwa mfano C16. B inakata papo hapo umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Kwa nini ijalishe? Mota ya pampu au kiyoyozi ikianza inavuta kwa muda mfupi mara kadhaa ya kawaida yake, B inaweza kukata bure wakati huo. Ila C inahitaji shoti yenye nguvu zaidi ili ikate haraka, na kwenye waya mrefu mwembamba hiyo nguvu inaweza isifike. Kwa hiyo taa na soketi za kawaida B inafaa, pampu na kiyoyozi C, D sioni kazi yake kwenye nyumba ya kuishi, na duka likikosa B chukua C ila fundi apime kwanza.

La pili ni namba iliyo ndani ya kiboksi, 3000, 4500, 6000 au 10000. Hizo ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata ikabaki salama. Ukiwa karibu na transfoma shoti inakuwa kali zaidi. Mimi sinunui chini ya 6000. Breka isiyo na namba hiyo kabisa, au ambayo maandishi yanafutika kwa kidole, irudishe kaunta, maana majina kama Schneider, ABB na Hager yanaigizwa na nembo tu haitoshi. Nunua kwa wakala anayetambulika na udai risiti.

La tatu ni la RCCB na RCBO: aina yake, AC au A. AC inaelewa umeme unaovuja kwa mawimbi ya kawaida tu, wakati vifaa vya siku hizi vyenye elektroniki ndani vinaweza kuvujisha umeme wa vipande vipande ambao AC haiuoni vizuri. Chukua A. Baadhi ya nchi, Ujerumani ikiwemo, haziruhusu hata hiyo AC. Alama ya AC ni wimbi moja lililochorwa, ya A ina wimbi na chini yake vilima viwili.

Angalia pia usiuziwe aizoleta ukidhani ni breka kubwa. Zinafanana sana, zote zina kitasa na namba kama 63, ila aizoleta ni swichi tu haijikati yenyewe. Na kama una sola, breka ya umeme wa kawaida usiifunge upande wa paneli au betri. Umeme wa kawaida wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche inapata nafasi ya kufa, umeme wa betri haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka. Nunua iliyoandikwa DC na ufuate alama za chanya na hasi.

Ubao wenyewe nunua wenye nafasi za ziada. Breka ya kawaida inakula nafasi moja ya karibu milimita 18, RCCB ya nguzo mbili, yaani ya moto na nyutro, inakula mbili, wewe jumlisha halafu ongeza angalau nne, maana kiyoyozi au hita itakuja tu siku moja. Kwenye waya kata ncha uangalie ndani, shaba iwe nyekundu mpaka katikati, kama katikati ni nyeupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba na hesabu zote za ampea nilizokupa hapo juu hazifanyi kazi kwake.

Kazi ya kufunga mpe fundi mwenye leseni, na akimaliza msimamie akaze skrubu zote tena, kiunganishi kilicholegea kinachemka na breka haioni kwa sababu ampea hazijazidi. Kisha bonyeza kile kitufe cha T kwenye RCCB umeme ukiwa umewaka, inatakiwa ikate hapohapo. Rudia kila baada ya miezi michache, na siku isipokata usiibembeleze, inunuliwe nyingine. Kitufe kinapima kifaa chenyewe tu, ukinzani wa ethi unapimwa na mita, kwa hiyo fundi akija dai akuandikie namba aliyoipata kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa ubao.