Maiki safi, kipau ndicho kimeniponza

Miezi minne sasa natumia jozi hii ya maiki ndogo za kondensa kurekodi kwarteti: fidla mbili, viola na selo. Na maiki zenyewe sina ugomvi. Zile sekunde kabla ya upinde kugusa waya husikii mchakacho wowote, unasikia watu wakivuta pumzi.

Naziweka kwa mtindo wa ORTF, ule wa redio ya Ufaransa: kadioidi mbili (maiki zinazosikia zaidi kwa mbele), sentimita 17 kati ya kapsuli, yaani vichwa vinavyonasa sauti, zimegeuziana mgongo kwa pembe ya digrii 110. Stendi ni moja, mita 2.5 kwenda juu, mita 2 mbele ya wapigaji. Fidla ya kwanza inakaa kushoto, selo kulia, na viola haimezwi. XY, ule mtindo wa kuweka kapsuli mbili pamoja sehemu moja, niliijaribu pia. Wote wanne walibanana katikati kama abiria wa basi la mwisho.

Sasa kipau, kile kishikio kinachobeba maiki zote mbili juu ya stendi. Kimo humo humo kwenye boksi la maiki, na skrubu yake ya kulia ina tabia mbaya: hailegei ghafla, inalegea polepole kwa uzito wa kebo. Sehemu ya kwanza ya muziki ilitoka vizuri. Kufika ya tatu, hedifoni zikaniambia selo imefifia na kundi zima linavutwa kushoto. Nikamshuku mpiga selo kwamba amesogeza kiti (hakusogea, maskini). Kuinua macho, maiki ya kulia imeinamia sakafu kama mtu anayesinzia. Wakati wa kuhariri nikapandisha upande wa kulia. Sauti ikaongezeka, mng'aro wa waya haukurudi. Tukapiga upya.

Siku hizi nafunga kebo kwenye stendi kwa utepe, nikiacha kitanzi kilegee karibu na maiki, na chini ya skrubu nimeweka kipande cha mpira wa tairi. Inashika.

Besi ya selo ni nyepesi kidogo, lakini hilo siwalaumu watengenezaji. Kadioidi ikikaa mbali ndivyo ilivyo. Anayetaka besi kamili anunue kapsuli za omni, zinazosikia pande zote, na ajue kwamba hapo sentimita 17 hazitoshi, lazima azitenganishe zaidi.

Kipau kingine nimeshaagiza. Maiki siziachi.