ThinkPad T480 ya mtumba kwa mwandika kodi wa Mwanza

Lenovo waliitoa T480 mwanzoni mwa 2018, kwa hiyo yoyote utakayoikuta madukani mjini kati au kule Makoroboi imeshatumika miaka kadhaa kwenye ofisi za watu, ikafutwa vumbi, ikaja. Imekula chumvi. Hata hivyo, kwa anayeishi kwa kuandika kodi (ya kompyuta, si ile ya mapato) hapa Mwanza, naiweka mbele ya zile laptopu mpya za bei ya chini zenye prosesa ya Celeron, ramu ya 4GB iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya eMMC. Sababu yangu ni moja: betri yake inachomoka kwa mkono, na karibu kila kilichobaki kinachomoka kwa bisibisi.

Betri zimo mbili. Ya ndani ni ya wati-saa 24, imefungiwa chini ya mfuniko. Ya nje inashikwa na komeo za chini, nayo huja kwa saizi tatu: 24, 48 na 72. Ya 24 inalingana na mwili wa mashine. Hizo kubwa zina nundu inayoinua kibodi kidogo. Wapo wasioipenda, ila hewa inapita vizuri chini. Mashine inakula betri ya nje kwanza. Ikikaribia kuisha, unaichomoa na kupachika nyingine iliyojaa huku kila kitu kinaendelea, maana ya ndani inashikilia mzigo. Emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) haizimi na hifadhidata ya majaribio haishtuki. T490 ya mwaka 2019 iliacha mpango huo, ikabaki na betri moja ya ndani na ramu ambayo sehemu yake imechomelewa. T480s nayo, pamoja na kufanana jina, haina betri ya nje. Hiyo "s" ya mwisho itafute kwenye kibandiko kabla hujatoa hela.

Kuandika kodi ukiwa na tabo kumi za kivinjari na mwanga wa kioo wa wastani kunavuta kama wati 8 hadi 10. Betri mpya ya 72 ukijumlisha na ya ndani unapata wati-saa 96, yaani saa tisa na zaidi. Hiyo inamaliza siku ambayo umeme umekatika asubuhi Igoma ukarudi magharibi, au safari ya meli kwenda Nansio na masalio ya kutosha. Ukianza kubildi mradi mkubwa (kuigeuza kodi kuwa programu) mashine inapanda wati 25 na kuendelea, na zile saa tisa zinaporomoka hadi tatu na ushee.

Hesabu hizo ni za betri mpya, na ya dukani si mpya. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hiyo inapiga saa sita bila wasiwasi." Usibishane naye. Fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika `powercfg /batteryreport`, kisha fungua faili litakalotajwa hapo. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ndio uwezo iliozaliwa nao, FULL CHARGE CAPACITY ndio uliobaki. Ikiandika 72,000 na 30,000, umebakiwa na asilimia 42, na hizo saa sita ni za mdomoni. Chini ya asilimia 60 mimi huihesabu kama betri ya kununua upya, na bei ya laptopu ishuke kwa kiasi hicho. Kuna mtego wa upande wa pili: ripoti inayoonyesha uwezo kamili na mizunguko sifuri kwenye mashine ya 2018. Hapo betri ni ya kubadilishwa, na huenda ni ya kuiga. Chomoa chaja, panda mwanga hadi mwisho, cheza video dakika 20 na uangalie asilimia. Ikishuka taratibu, sawa. Ikiruka ghafla kutoka 60 hadi 20, seli zake ni mbovu hata kama ripoti inasifu.

Ukitumia Linux, BAT0 ni ya ndani na BAT1 ni ya nje. Weka TLP, programu ya kusimamia umeme, na uisimamishe ya ndani kuchaji ifikapo 80, maana hiyo ndiyo ya kufungulia skrubu. Ya nje iache ijae, imezaliwa kuchoka.

Sasa ramu, ambako ndiko malalamiko mengi ya "laptop inaganda" huanzia. Nafasi ni mbili, za DDR4 ya laptopu, na kikomo rasmi ni 32GB. Nyingi zinauzwa na kipande kimoja cha 8GB. Android Studio, ya kutengenezea programu za simu, pamoja na emuleta vinataka 16GB; ukiviwasha kwenye 8, mfumo unaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, feni inalia, na kipanya kinatembea kama kimekwama kwenye matope. Wengi hapo hulaumu prosesa na kwenda kutafuta i7. Si dawa. i5-8250U au i5-8350U zina viini vinne, na tofauti yake na i7 za kizazi hicho hicho ni ndogo kuliko tofauti ya kuongeza kipande cha pili cha 8GB, ambacho pia kinafanya ramu isomwe kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Angalia usiuziwe DDR3L iliyotoka kwenye T450: pengo la meno yake haliko mahali pamoja, na kuna mafundi wanaojaribu kuisukuma.

Kuiongeza ni kazi ya dakika 15. Washa huku ukibonyeza F1, ingia Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery, mashine itazima. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na kuiruka ndiko kunakoweza kuunguza bodi, kwa sababu kuchomoa betri ya nje peke yake hakuondoi umeme wa ndani. Baada ya hapo toa betri ya nje, legeza skrubu za chini, bandua mfuniko taratibu kwa kadi ya plastiki kuzunguka kingo. Ramu inaingia kwa mshazari, kisha unaibonyeza chini mpaka vishikizo vya pembeni vilie "ta". Ukifunga, mashine haitawaka mpaka uchomeke chaja. Ni kawaida, usipige simu kwa fundi.

Ukifanya kazi ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), ongeza jambo moja: kwa kawaida inajitengea hadi nusu ya ramu yote. Kwenye 8GB hiyo ni balaa. Tengeneza faili `.wslconfig` kwenye folda yako ya mtumiaji, andika `[wsl2]` na chini yake `memory=3GB`, halafu `wsl --shutdown`. Na mradi uwe upande wa Linux, si kwenye `/mnt/c`. Npm, chombo cha kushusha maktaba za JavaScript, ikipita mpaka huo kwa kila faili dogo, hakuna laptopu itakayoonekana nzima.

Udhaifu mkubwa wa T480 ni tundu la chaja. Haina tundu la duara wala la mraba la zamani. Ina USB-C mbili upande wa kushoto, na umeme wote wa chaja unapita hapo. Miaka ya kuchomeka na kuchomoa inalegeza, na matundu hayo yamechomelewa kwenye bodi yenyewe. Jaribu kuchaji kwa yote mawili, moja moja, ukitikisa waya kidogo. Taa ikiwaka na kuzima, weka chini uangalie nyingine. Kuna na ugonjwa wa kuzaliwa nao. Programu ya ndani ya Thunderbolt (njia ya kasi iliyo kwenye moja ya matundu hayo) kwenye mashine za mwanzo ilikuwa na kasoro iliyoua tundu lake polepole: linaacha kuchaji, au HDMI inaacha kutoa picha. Lenovo walitoa marekebisho, na mashine iliyokaa ofisini bila kuguswa inaweza kuwa haijayapata. Siku ya kwanza yaweke, kwa Lenovo Vantage kwenye Windows au `fwupdmgr update` kwenye Linux. Likishakufa, linahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu, na hao hawako kila kona.

Chaja iandike 20V na 3.25A, yaani wati 65. Ya 45 inafanya kazi ila ukiwa unabildi inajaza kwa kusuasua. Zinazokuja na plagi ya nchi za nje, badilisha waya mzima wa ukutani badala ya kutumia adapta nyepesi inayocheza kwenye soketi na kutoa cheche. Umeme ukikatika, chomoa; ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Wenye sola nyumbani wana njia nzuri zaidi ya inveta: chaja ya gari ya USB-C inayotoa 20V kwa wati 65, ikaunganishwa kwenye betri ya 12V kupitia fyuzi. Inveta inapandisha hadi 230 halafu chaja inashusha tena hadi 20, na kila hatua inakula chake.

Kabla ya hela kutoka mfukoni, F1 tena. Ikiomba nywila, acha hapo hapo. Nywila ya msimamizi kwenye mashine hii haifutiki kwa kutoa betri ndogo ya bodi, na jibu la kiwanda ni kubadilisha bodi nzima. Ikifunguka, ingia Security uangalie Absolute au Computrace, mfumo wa mwenye mashine kuifuatilia na kuifunga akiwa mbali: iwe imezimwa, na bora iwe imezimwa kwa kudumu. Kisha omba Windows iwekwe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikidai barua pepe ya kampuni fulani wakati wa kuanza, mashine hiyo bado imesajiliwa kwa mwenyewe, na siku yoyote anaweza kuifunga akiwa mbali. Kwa hilo intaneti ni lazima. Muuzaji akisisitiza kuiweka bila mtandao, ana sababu.

Kioo cha matoleo ya chini ni 1366 kwa 768, chenye rangi zinazogeuka ukiinama. Kodi inakuwa kama kusoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Tafuta cha 1920 kwa 1080. Hata hicho mwanga wake ni hafifu, kukaa nacho barazani ukitazama ziwa saa saba mchana sahau. Kinabadilishika, kisicho cha kugusa kinatumia kiunganishi cha pini 30, mwambie hivyo unayemwagiza Kariakoo ili kifurushi kisipande basi bure mpaka Nyegezi.

Kibodi ndiyo bora kuliko zote za bei hiyo, sina la kuongeza.

Joto linahitaji uangalizi kuliko mikoa ya baridi. Kwa wanaokaa karibu na ufukwe, Kirumba au Capri Point, wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga wa kioo usiku, feni inawavuta, wanakauka pamoja na vumbi kwenye mapezi ya shaba. Kila miezi sita fungua, shika feni kwa kidole isizunguke, pulizia kutoka upande wa mapezi kwenda ndani. Pesti ya kupoza prosesa (thermal paste) iliyokaa tangu 2018 imeshakauka. Tone la ukubwa wa punje ya mchele linatosha. Kama uko Linux na kasi bado inaanguka kabla ya joto kuwa kubwa, kasoro hiyo inajulikana kwa T480, na programu iitwayo `throttled` imeandikwa kwa ajili yake.

Kabla hujaamua kuwa mashine ni nzito, hakikisha si bando. Gradle, chombo cha kubildi miradi ya Android, inayoonekana imelala mara nyingi inasubiri mtandao kuulizia matoleo ya maktaba. Ijaribu na `--offline`. Ikimaliza kwa dakika moja, prosesa haikuwa na kosa. `npm ci` inafuta `node_modules` yote kila mara, kwa hiyo ipe `--prefer-offline` itumie akiba iliyopo kwenye diski. `git clone` (amri ya kushusha mradi wote na historia yake) ikikatika njiani inaanza sifuri, na bando limeshaondoka. Chukua `--depth 1` kwanza, historia iliyobaki utaivuta kwa `git fetch --unshallow` usiku kama una bando la usiku.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma 14 Oktoba 2025, na T480 nyingi ziko kwenye kizazi cha nane cha Intel, cha kwanza kukubalika rasmi na Windows 11. T470, iliyo pembeni yake kwenye kabati hilo hilo na ambayo kwa macho ni pacha, ina kizazi cha sita au cha saba chenye viini viwili tu. Usikubali kupewa hiyo kwa maneno ya "zinafanana tu bosi".

Kwenye risiti mwambie aandike namba tambulishi (serial number) iliyo chini ya mashine, ukubwa wa ramu na wa diski, na muda wa kuijaribu. Waranti ya duka kwa kawaida haigusi betri, ndiyo maana ile ripoti inafunguliwa mezani kwake, kabla ya kulipa.