Saa za zamani za mkono: ipi ununue kwanza na ipi ingoje

Mtu anayetaka saa ya zamani kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza jina: anunue Omega, Seiko au ile ya Kirusi? Mimi kabla ya kumjibu humuuliza fundi wake ni nani. Saa ya mashine iliyokwisha kumaliza miaka arobaini itahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta upya, hata kama muuzaji anaapa kwamba haijawahi kusimama, na fundi mwenye kimeza chake cha kioo pembeni mwa barabara ataiweza kazi hiyo ikiwa tu anaifahamu mashine yenyewe na anajua pa kupata vipuri vyake. Kwa hiyo saa zifuatazo nimezipanga kwa wepesi wa kutengenezeka na kuvalika kila siku, wala sikutazama ukubwa wa jina lililoandikwa usoni.

Nafasi ya kwanza naipa Seiko 5 ya miaka ya 1970 na 1980. Aina hii ilianza mwaka 1963, na ile 5 inahesabu mambo matano: saa hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe hukaa katika dirisha moja, maji hayaingii kwa urahisi, kasha na mkanda ni imara, na kifungo cha kurekebishia kimezamishwa ubavuni penye namba 4. Penye namba 4 maana yake ni penye saa kumi kwa hesabu yetu. Hii ni moja ya raha za kuvaa saa Uswahilini, kwamba akrabu huelekea kwenye tarakimu moja nasi tukasoma nyingine bila kusita.

Tafuta yenye mashine (mtambo wa ndani) namba 7009, au 6119 iliyoitangulia. Anayetaka kitu kipya zaidi atafute 7S26, iliyoanza kutumika mwaka 1996. Saa hizi zilitengenezwa kwa wingi mno, kiasi kwamba fundi mwenye uzoefu huwa na kopo lililojaa saa zilizokufa ambazo hung'oa gurudumu kutoka moja na kulipachika katika nyingine. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuiweka mbele, na haihusiani na uzuri.

Kabla ya kutoa fedha, igeuze saa usome mgongo wake. Utakuta tarakimu nne, kistari, kisha alama nyingine nne za tarakimu au herufi. Zile za kwanza ndizo jina la mashine. Kando yake kuna namba ya pili, kwa kawaida ya tarakimu sita, ambayo tarakimu yake ya kwanza hutaja mwaka na ya pili hutaja mwezi, Oktoba ikiandikwa kwa sifuri au O, Novemba kwa N na Desemba kwa D. Kwa hiyo 7009 ambayo namba yake inaanza na 83 ilitoka kiwandani Machi 1978 au Machi 1988, na mtindo wake ndio utakaokata shauri. Kisha ugeuze tena na usome maandishi madogo kabisa chini ya namba 6, ikibidi kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu hapo pia mara nyingi huandikwa namba ya mashine. Mgongo ukisema 7009 na uso ukasema 6119, ujue umeshika saa mbili zilizoozeshwa.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Saa yangu ya kwanza ilikuwa na uso wa rangi ya chungwa uliong'aa kama pipi, nikailipia nikiwa nimesimama, bila hata kuivua plastiki. Nilipoifikisha nyumbani niliona herufi za jina ni nene na zimevimba kidogo kwenye kingo, na yale maandishi madogo ya chini hayakuwapo kabisa. Uso wa asili ulikuwa umefutwa na kupakwa upya. Kilichonifariji ni kigurudumu cha siku: nilipokizungusha, baada ya THU ilikuja Alhamisi kwa herufi za Kiarabu, na hapo nikajua kwamba angalau kigurudumu hicho kilitengenezwa kwa soko la nchi za Kiarabu. Nyuso zilizopakwa upya ni nyingi sana sokoni, hasa katika saa zinazokusanywa India, na dalili yake ya kwanza ni rangi kali zilizo mpya kupita umri wa kasha. Uso uliofifia, wenye madoa machache lakini maandishi makali, ndio wa kuchukua.

Jambo moja la matumizi: 7009 na 7S26 hazitiwi ufunguo kwa mkono, kwa hiyo iliyolala huamshwa kwa kuitikisa taratibu kwa nusu dakika. Usibadili tarehe wala siku kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa kuwa wakati huo magurudumu ya tarehe yameshikana na unaweza kuvunja jino.

Ya pili ni Citizen otomatiki yenye mashine ya familia ya 8200. Kwa ufundi naona haipitwi na Seiko, tena hii hukubali kutiwa ufunguo kwa mkono. Nyuso zake huharibiwa mara chache zaidi kwa sababu watu hawazigombanii. Nimeiweka ya pili kwa kuwa vioo na makasha yake ni vigumu zaidi kupata.

Ya tatu ni HMT Janata ya India. Kiwanda cha saa cha HMT kilianzishwa Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen, na kampuni yake ya saa ilifungwa mwaka 2016. Janata maana yake ni umma, na kweli ni saa ya mtu wa kawaida: ndogo, nyembamba, ya kutiwa ufunguo kila asubuhi, isiyo na tarehe ya kukusumbua. Chini ya mkono wa shati au kwenye kanzu na koti hukaa vizuri kuliko zote katika orodha hii, na ningemshauri bwana harusi aichague kuliko Seiko. Hata hivyo, jihadhari na zile zinazouzwa kama mpya kabisa, maana nyingi zimeunganishwa kutoka mabaki.

Ya nne ni ile ya Kirusi, Vostok ya mji wa Chistopol, hasa aina ya Amphibia iliyoanza mwaka 1967 na kuhimili maji hadi mita 200. Ukifungua kifungo chake na kukiona kinayumba, usiogope, kwani kimeundwa hivyo. Mafundi wetu wengi hawaifahamu, ndiyo maana imeshuka.

Za mwisho ni za Uswisi: Omega, Tissot na wenzao. Ni nzuri, lakini kipuri kimoja cha asili kinaweza kupita bei ya Seiko nzima, na jina likiwa kubwa ndivyo bandia zinavyozidi. Ukirithi ya babu, itengeneze. Kununua kungoje hadi jicho lizoee. Hizi zina jambo jingine la kuangaliwa. Alama T SWISS T chini ya uso huonyesha rangi ya kung'aa gizani yenye tritiamu, ambayo hupoteza nusu ya nguvu zake kila miaka 12 hivi, kwa hiyo ya mwaka 1970 inayowaka sana gizani imepakwa upya. Zilizotangulia, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mara nyingi zilitumia radiamu, ambayo hubaki na mnururisho, yaani mionzi ya hatari, hata baada ya kuacha kung'aa. Rangi hiyo ikiwa imekauka na kumomonyoka chini ya kioo, usiifungue saa mezani kwako na usiipulize vumbi. Mwambie fundi mapema, na asipojua unachosema, iache ikiwa imefungwa.