Tuisheni ya hisabati Nkuhungu, Dodoma: nyota nne, ya tano imepotea ukutani

Mwanafunzi wa kidato cha pili anayesema "hesabu siziwezi" mara nyingi ana shimo moja au mawili tu ya msingi. Darasa hili la jioni linaanza kwa kuyatafuta mashimo hayo, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Siku ya kwanza mtoto hupewa maswali 10: sehemu, namba hasi, milinganyo mepesi. Kabla ya kukokotoa, anaandika pembeni ya kila swali, kuanzia 0 hadi 10, ana uhakika kiasi gani wa kulipata. Yakishasahihishwa, namba hizo zinalinganishwa na majibu. Aliyeandika 2 akapata, anaona alivyokuwa akijidharau bure. Aliyeandika 9 akakosa, anajua pa kurudi. Kosa linalojirudia sana ni −3 − 5 kuandikwa 8: mtoto amekariri "hasi kwa hasi ni chanya", kanuni ya kuzidisha, akaihamishia kwenye kutoa. Mwalimu haandiki "mzembe". Anaandika kanuni iliyochanganywa, kisha anatoa maswali matano ya aina hiyohiyo, mawili ya mwanzo yakiwa mepesi. Mtoto hasogei mpaka apate manne. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza tangu mwaka 1977 kwamba kinachomjengea mtu imani na uwezo wake kuliko yote ni kufanikiwa mwenyewe. Maneno ya kutiwa moyo nguvu yake ni ndogo zaidi.

Maswali ya maelezo yanahitaji muda zaidi. Mtoto hukwama kwenye sentensi ya Kiingereza akadhani amekwama kwenye hesabu.

Kasoro kubwa ni orodha ya Jumamosi. Majina hubandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho. Anayeshika mkia wiki tatu mfululizo huacha kujaribu, maana akifeli bila kujaribu, angalau hakuna atakayesema hana akili. Orodha hiyo iondolewe kabisa. Kila mmoja apimwe na jaribio lake la wiki iliyopita. Na sifa ya "una akili sana" ipunguzwe, kwani humfanya mtoto akwepe swali gumu asije akaonekana hana. Isifiwe njia aliyotumia.

Mzazi, mpeleke kabla ya Juni. Mtihani wa taifa ni Novemba. Na omba daftari la makosa lije nyumbani kila Ijumaa.